Walioitikia Piano

Marehemu mume wangu alikuwa mpigaji wa ngoma za isukuti aliyeheshimiwa kote Ikolomani, na alipofariki niliachiwa ngoma zake tatu, ambazo sizipigi. Mila yetu haimruhusu mwanamke kuzipiga, wala sikutaka kugombana na mila. Nilichofanya ni kwenda katika ukumbi wa kanisa letu hapa Amalemba, ambako piano ilikuwa imesimama miaka mingi ikitumiwa kama meza ya vyombo vya chai, nikamwomba mwalimu wa muziki, binti mpole wa umri wa kitinda mimba wangu, anifundishe. Hakuna mila yetu inayoitaja piano.

Somo la kwanza lilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi. Naitaja siku kwa sababu mtu aliyemaliza shule ya msingi akiwa tayari ana wajukuu huyathamini mambo yake kwa tarehe. Tulikuwa wanafunzi wanne, sote watu wazima.

Mwalimu ndiye aliyenijulisha habari za mtunzi mmoja wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa. Sifa za mtu huyo zilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ujanani alizunguka miji akipiga piano kwa kasi iliyokata nyuzi, na wanawake wa heshima wakanyang'anyana glavu zake. Nilimsimulia wifi yangu wa Malinya, dada wa marehemu mume wangu, naye akasikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo alikuwa kama fahali bingwa wa mapigano," akasema. "Watu wanamfuata kutoka uwanjani hadi nyumbani."

"Lakini aliacha ziara hizo kabla hajafika miaka arobaini, wifi."

"Fahali mwerevu, basi."

Mimi nilimpenda zaidi katika uzee wake. Alifundisha bila kudai malipo, na tungo zake zikapungua sauti hadi zikabaki chache, kimya kirefu kikikaa katikati. Nilichagua utungo mmoja wa wakati huo. Ulikuwa mfupi, na vidole vyangu, vilivyozoea jembe, viliumudu.

Mwezi Julai mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alitujia darasani. Alisema kwa adabu kwamba piano ni ya watoto, na kwamba saa yetu ya Jumamosi watapewa wao, tusipoonesha kitu cha kusikilizwa. Tukapangiwa tamasha Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada. Wenzangu watatu walisema mimi ndiye nitakayepiga, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikijigamba. Sikuwakatalia. Niliitaka saa ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Siku ya tamasha wifi alifika na wanawake wanane wa kikundi chake cha waimbaji, wamefunga leso za aina moja. Mwalimu aliwaomba watulie hadi mwisho.

"Usijali, mwalimu," wifi akamjibu. "Sisi ni watu wa muziki."

Nilianza vizuri. Nilifika pale mtunzi anaponyamaza kwa mara ya kwanza, nikainua mikono, nikaanza kuhesabu moyoni. Sikumaliza. Kutoka safu ya tatu sauti tisa ziliitikia kwa pamoja, zikafuatiwa na makofi ya mdundo wa isukuti.

Mtu wa mbali angedhani ni utovu wa adabu, kumbe ni kinyume chake. Kwetu kiongozi wa wimbo akinyamaza, ni waitikiaji ndio wanaodaiwa sauti. Kumwacha hivi hivi ni kumwaibisha mbele ya watu. Wifi yangu aliona mjane wa kaka yake ameachwa peke yake, akaniokoa.

Mwalimu alijifunika uso. Mwenyekiti aligeuka kuwatazama, kisha akanigeukia mimi. Nilijua kwamba nikisimama, saa yetu imekwenda. Basi nilifanya kama kiongozi yeyote: niliwasubiri wamalize, nikaendelea. Kimya cha pili kilipofika, waliitikia tena, na safari hii mkono wangu wa kushoto ukawajibu kwa sauti moja nzito, ukifuata mdundo ambao niliusikia nyumbani kwangu kila jioni nilipokuwa mke wa mtu. Mila haikusema lolote. Kufikia kimya cha tatu ukumbi mzima ulikuwa unaitikia, na miongoni mwao mwenyekiti, ambaye nakumbuka ana sauti nzuri ya chini.

Baadaye, kwenye chai, mwalimu aliniambia huku akicheka kwamba nisihuzunike, kwani enzi za mtunzi yule wasikilizaji walishangilia katikati ya muziki, naye alipokea nyimbo walizompa akazipiga papo hapo kwa namna yake. Sikuwa nimehuzunika. Wifi alikuwa akiwaeleza watu kwamba wimbo ulikuwa mzuri, ila mzungu alisahau kuandika sehemu ya waitikiaji.

Mwenyekiti alinisogelea na kikombe chake.

"Mama, saa yenu ibaki," akasema. "Huyo mzee ana nyimbo nyingine?"

"Nyingi mno, mwenyekiti."

"Na zote zina nafasi ya kuitikia?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nyingi hazina. Alipokuwa kijana hakumwachia mtu nafasi.

"Basi tupigieni za uzeeni," akasema, akamwendea wifi kumuuliza kama kikundi chake huwa na shughuli siku za Jumamosi.