Fundi wa Makochi Aliyewahi Kuitwa Radi

Saa moja na nusu asubuhi, fundi wa makochi tayari ana misumari mitano mdomoni. Anautoa mmoja kwa vidole, anaupachika kwenye ukingo wa kochi lililopinduliwa miguu juu, kisha nyundo inashuka: mara mbili nyepesi, mara moja nzito. Mteja aliyekuja kuulizia viti vyake anajikuta anatikisa kichwa kwa mapigo hayo bila kujijua.

“Wote hufanya hivyo,” anasema fundi, akitema misumari kiganjani ili azungumze vizuri. “Siwaambii kitu. Nawaacha wafurahi.”

Ana miaka hamsini na miwili. Kwa mwezi hutengeneza makochi saba, ukimwendea vizuri manane, na nyundo hiyo imesomesha mabinti wawili. Wateja wachache wanajua kwamba miaka thelathini iliyopita aliitwa Radi, na kwamba ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Jirani Samahani.

Bendi hiyo iliishi miezi kumi na tisa tu. Kaka yake alipiga gitaa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyepanga nyumba ya pili aliimba, na fundi baiskeli wa mtaani akashika besi. Jina walilitoa kwenye maneno waliyoyasema kuliko mengine yoyote, wakiwa wamesimama kwenye milango ya watu baada ya mazoezi.

Siku zile bendi tano za vijana zilikutana kila Jumamosi alasiri katika kantini ya kiwanda cha sabuni. Hazikuwa na mfadhili wala meneja. Zilikuwa na spika mbili za maana, na zote zilizitumia kwa zamu. Msimamizi wa kantini, mama mwenye sauti ya amri, aliwapa ukumbi bure kwa sharti lake mwenyewe.

“Bendi ikipiga vizuri inaosha nusu ya sakafu. Ikiboronga inaosha yote,” anakumbuka fundi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. “Miezi mitatu ya mwanzo tuliosha yote! Mama yule hakuwa na upendeleo. Siku alipotuambia tuoshe nusu, mwimbaji wetu alilia machozi.”

Walijirekodia kaseti ya nyimbo nane mle mle kantini, wakiwa wametundika mablanketi madirishani. Nakala mia mbili ziliisha ndani ya wiki tatu. Ndipo akatokea mwenye studio mmoja, mtu wa suti na ahadi.

Alizipenda nyimbo. Dramu pia alizipenda, mpaka alipoonyeshwa anayezipiga.

“Alimwambia kaka, mpigaji wa kike watu watamcheka, tafuteni mwanamume. Kaka hakuniambia. Jumamosi ile nikafika, nikakuta mtu kakaa kwenye kiti changu. Tena kakipandisha, maana alikuwa na miguu mirefu.” Anapapasa kitambaa cha kochi kama anayetafuta mkunjo. “Nikaweka vijiti vyangu chini, nikarudi nyumbani kwa miguu.”

Bila yeye, bendi haikumaliza wiki sita. Mwimbaji aligoma, akisema akigeuka nyuma jukwaani hamwoni mtu anayemjua. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa na kantini ikageuzwa ghala la saruji. Bendi zile nyingine zikatawanyika, huyu kaoa, yule kahama, yule kapata kazi ya zamu.

Radi na kaka yake hawakusemeshana kwa miaka sita. Mama yao alikataa kumtetea yeyote. “Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime,” alikuwa akisema, na kweli akaendelea kulima mchicha wake nyuma ya nyumba.

Katika miaka hiyo Radi alipata kibarua cha kufagia karakana ya makochi. Siku moja mwenye karakana alimkuta akijaribu nyundo, akasimama kusikiliza. “Wewe binti, mkono wako hauchoki?” akamuuliza. Wiki hiyo hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Kaka yake alikuja mwaka wa sita, asubuhi, amebeba begani kiti cha kochi cha mtu mmoja.

“Fundi yupo?”

“Unamwona.”

“Kiti hiki kimekatika springi.”

“Nani kakikalia?”

“Mimi. Nimekikalia miaka sita, nafikiria namna ya kuja hapa.”

Kaka hakucheka. Akakitua kiti chini. “Nilikukosea, mdogo wangu. Yule mtu alihitaji kusikia neno moja tu kutoka kwangu. Hapana. Likanikwama.”

Kazi ya kiti kile ilikuwa ya nusu siku. Fundi aliifanya kwa siku tisa, na kila siku kaka alipita kukitazama. “Siku ya nne nilimletea chai. Siku ya saba tukagombana juu ya rangi ya kitambaa. Hapo nikajua yamekwisha.”

Leo kaka huyo, mwalimu wa hesabu anayekaribia kustaafu, yumo chumba cha nyuma cha karakana, penseli sikioni, anapima ukuta. Wawili hao wanatengeneza chumba cha mazoezi kwa bendi changa. Wamejenga ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, na katikati wameshindilia pamba kuukuu na mabaki ya sponji ya miaka mingi. Mlango ni mzito kiasi kwamba hufunguliwa kwa bega.

“Sponji inaua mwangwi, lakini sauti haizuiliwi na sponji, inazuiliwa na uzito,” fundi anaeleza.

“Hesabu ya uzito nilipiga mimi,” kaka anadakia kutoka ndani.

“Na ukakosea, kaka. Tukabomoa.”

Chumba kitafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Bendi tatu zimejiandikisha, moja ikiwa ya wasichana wanne wanaojifunza ususi. Mpiga dramu wao ameshakuja mara mbili kuulizia kama kiti kinapanda na kushuka.

Fundi anarudisha misumari mdomoni, kisha anaitoa tena. Kuna jambo amelikumbuka.

“Unajua ninachotaka? Siku moja bendi iliyokulia humu ipige mahali, mimi nisikie tu kwa watu. Niende, nilipe kiingilio kama mtu yeyote, nikae viti vya nyuma. Wasijue nipo. Nisikilize mpaka mwisho.”