Maji ya Jumatatu

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojiona mjanja kuliko Tanga nzima. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa Makorora niliyeajiriwa kulinda bwawa la shamba la mkonge, huko upande wa Muheza. Ukifungua lango, maji huteremka bombani na kuzungusha mtambo wa umeme, na umeme ule ndio ulioendesha korona, mashine ya kuparua majani ya mkonge. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei asiyependa maneno mengi.

Kilikuwa kiangazi, kijito kimekonda. Jumapili korona hupumzika na bwawa hujaa taratibu. Mara akaja karani wa shamba jirani, anataka umeme kwa bei ya Jumapili, nusu ya bei ya siku za kazi. Mzee Mhina alikuwa amekwenda msibani Pangani. Nikayatazama yale maji, nikasema moyoni, ah, mali iliyolala ni mali gani? Nikafungua lango mpaka magharibi. Nilirudi nyumbani kifua mbele, wallahi!

Jumatatu saa nne korona ikazimika. Maji hakuna. Majani yaliyokatwa alfajiri yakabaki juani, na pale kwetu majani yasipopita koronani, siku ya mkataji haiandikwi kwenye kipande chake, ile kadi ya siku za kazi. Kulikuwa na manamba mmoja, kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, Petro, amebakiwa na siku moja tu ajaze kipande, apate ruhusa ya kwenda kwao. Jumamosi binti yake anaolewa, na safari ni ya siku tatu.

Mzee Mhina aliporudi nikampa shikamoo. Akaitika, akatazama tope la bwawa.

"Jumapili umeme umejaa kila mahali, ndiyo maana jirani akakupa nusu," akasema. "Kesho yake kila mtu anautaka. Bwawa kazi yake kuvusha maji toka siku ya rahisi mpaka siku ya ghali. Wewe umeyamwaga njiani. Nenda ukamwambie Petro mwenyewe."

Nikaenda. Petro akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Ulipata ngapi kwa siku yangu?"

Maji yalirudi Alhamisi. Binti alisindikizwa kanisani na baba yake mdogo, Petro akiwa bado njiani.

Basi, mwanangu, nikisikia vijana mnasema betri kubwa za umeme wa jua ni hasara kwa kuwa mchana zinakaa tu, nacheka. Zinangoja jioni, kila nyumba iwashe taa! Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini usiwe mchoyo pia: masika, bwawa likifurika, uza hata kwa robo, usiuachie mto. Kiangazi, kabla hujauza, uliza kesho ni shida ya nani. Bei utaambiwa na yeyote. Hilo la pili lazima uulize mwenyewe.

Mola akupe kingi, akupe na subira ya kukaa nacho. Na atakayekuhitaji kesho asikukute mikono mitupu. Amina.