Krezili katika Chemchemi Yetu

Nilimaliza masomo ya kemia katikati ya vita, nikarudi Nyabiondo bila kazi, nikakuta maziwa ya mama yananuka dawa. Wanunuzi walikuwa wameanza kumkwepa. Juu ya chemchemi yetu, mwenye duka kubwa alikuwa anaogesha ng'ombe wake kwa krezili, dawa nyeusi ya kufukuza kupe, na maji yote yalishukia mahali mama anapooshea vyombo vya maziwa. Mama alipomwendea kulalamika, mwenye duka alicheka.

"Mama, harufu iko mu pua yako."

Nilimchukia kwa kicheko hicho kuliko kwa dawa yenyewe.

Nikatengeneza kipimo: vijiti vya kaboni nilivyotoa ndani ya betri kuukuu za redio, betri nyingine nzima za kutoa umeme, waya, na mita niliyoazima kwa fundi. Krezili ni jamii ya kemikali ziitwazo fenoli. Ukipitisha umeme kidogo majini, fenoli inaungua juu ya kijiti na mshale wa mita unapanda. Nilijaribu usiku na mchana. Na kama ni chumvi tu? Na kama ni waya iliyolegea? Waya nilizificha ndani ya sufuria, maana askari wa kizuizi cha barabarani wangedhani ni bomu.

Siku ya soko nilisimama na kipimo mbele ya duka la yule mwenye ng'ombe, watu wakajaa. Maji ya mvua: mshale ukalala. Maji ya chemchemi: ukaruka.

"Rudia," akasema mwenye duka.

Nikarudia. Ukapanda nusu. Nikarudia tena, haukusogea.

"Eh, universitaire, mutu wa chuo kikuu! Maji imeshapona?"

Watu wakacheka. Mama akatazama chini. Mawazoni nilikuwa nimeshahama eneo letu lote la Masisi. Kisha nikakiona kijiti: kimevaa utando wa kahawia. Fenoli ikiungua huacha ganda linalokiziba, na mimi ninayewaza kila kitu nilisahau kukisafisha.

Nikakisugua kwenye ngazi ya saruji ya duka lake, polepole, asikie. Nikakitumbukiza. Mshale ukaruka.

"Papa, na hii mita iko na pua?" nikamuuliza.

Muuza maharagwe mmoja akapiga kelele: "Kumbe njo hii maji tunakunywaka!"

Wiki hiyo mwenye duka akahamisha ng'ombe wake mbali na maji, na wanunuzi wakarudi kwa mama. Mama alimsamehe, mpaka leo anamsalimia. Mimi, kila siku ya soko, naketi kwenye ngazi ile, natoa kijiti mkobani, nakisugua. Yeye anaukodolea macho mkoba wangu, akidhani mita imo.

Betri zilikufa zamani, na mita nilishairudisha. Sina haraka ya kumwambia.