Mbili na Saba

Katika karakana ya sare za shule walimwita Tupa. Alikuwa mkataji, mjane mpole asiyeanza kazi bila kumwomba Mungu, na jina hilo alilipata kwenye karata.

Mchana, wakati wa mapumziko, mafundi walicheza kwa vifungo vya mashati. Kila mmoja alipewa karata mbili za siri, kisha tano zikaanikwa mezani kwa wote. Waliweka vifungo kabla na baada ya hizo tano, na aliyetupa zake alimwachia mwenzake vyote vilivyowekwa. Wenzake walicheza chochote walichopewa. Yeye alizichungulia zake mbili, akazitupa. Mara nane kati ya kumi, anatupa. Mchezo alifundishwa na marehemu mumewe, miezi ile alipokuwa hanyanyuki kitandani, lakini tabia aliitoa kwenye meza ya kukatia: kitambaa chenye kasoro alikirudisha kabla ya kushika mkasi.

Wiki hiyo mchezo haukuwa wa kupoteza muda. Shule zilikaribia kufunguliwa, na msimamizi alitoa ruhusa ya kutofika kazini Jumamosi kwa mtu mmoja tu. "Mtajuana wenyewe," alisema. Wakakubaliana: Ijumaa, kengele ya kurudi kazini ikilia, mwenye vifungo vingi ndiye anayepata ruhusa.

Jumamosi hiyo mama yake Tupa angefunguliwa bandeji za macho. Miaka mitatu alikuwa haoni. "Mwanangu," alimwambia, "nisije nikafumbua macho nikaona ukuta."

Ijumaa ile walibaki wawili, yeye na mpiga pasi, mwanamume wa maneno mengi aliyeitaka Jumamosi kwa ajili ya mpira. Mpiga pasi alikuwa na vifungo ishirini na vitatu, Tupa kumi na saba. Mpiga pasi alikuwa amekaa akiwa ameligeuzia mgongo dirisha la ofisi, apate upepo baada ya mvuke wa asubuhi nzima. Tupa alilitazama dirisha hilo. Akamwona msimamizi anasuuza kikombe chake cha chai. Karakana nzima ilijua kwamba akishasuuza kikombe, anashika kengele.

Tupa akachungulia karata zake, zile tano hazijaanikwa. Mbili na saba, kila moja na rangi yake. Takataka tupu. Vidole vikaanza vyenyewe kuzisukuma pembeni, akavizuia. Akitupa, mama ataamkia ukuta.

"Vitano," mpiga pasi akaweka. "Haya dada, tupa tukale."

Tupa akavisukuma vyote kumi na saba.

Mshona vifungo, aliyekwishatolewa mchezoni, akaacha kutafuna. "Makubwa haya!"

Mpiga pasi akajikuna kidevu. "Dada yangu, wewe mtu wa Mungu. Una nini humo?"

Tupa akaziinamia karata zake. Angeweza kunyamaza. Lakini ameulizwa, na yeye uongo hakuuweza.

"Nina mbili na saba, mdogo wangu."

Mpiga pasi akaangua kicheko. "Mbili na saba! Wewe uliyetupa malkia na ghulamu juzi? Leo uweke vyote kwa mbili na saba? Labda kama nina homa."

"Ndizo nilizo nazo."

"Kamwambie bibi yako hayo." Akazichungulia zake tena, akakunja uso. Nyuma yake msimamizi alikuwa anajifuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Tupa akashusha macho kwenye karata, mwenzake asije akageuka. *Mola wangu, sijamdanganya. Lakini mbona najisikia hivi?*

"Chukua," mpiga pasi akasema, akatupa karata zake. "Una wafalme wawili hapo, siingii mtegoni. Nitakukamata mzunguko ujao."

Akaanza kuchanganya karata. Kengele ikalia.

Mshona vifungo akahesabu haraka: Tupa ishirini na viwili, mpiga pasi kumi na vinane. Hapo Tupa akazifunua mbili na saba.

Mpiga pasi alizikodolea macho, akamgeukia. "Si uliniambia!"

"Nilikuambia, mdogo wangu. Lakini nilijua hutaniamini, na dirisha nililiona. Nisamehe."

Mpiga pasi akavikusanya vifungo vyake kumi na vinane. Kisha akainuka kwenda kwenye pasi. "Msalimie mama," akasema bila kugeuka. "Lakini Jumatatu mimi ndiye nitakayekaa upande ule."

Asubuhi ya Jumamosi muuguzi alikunjua bandeji ya mwisho. Mama alipepesa macho, machozi yakamtoka, akamkazia macho mwanawe.

"Ee mwanangu," akasema, "mbona umezeeka hivi?"

Tupa akacheka mpaka akakaa kitandani.