Gunia Lililolowa kwenye Tangi la Shangazi

Mwezi uliopita nilipanda tena kilima cha Kibeta nikiwa na binti yangu, nikaingia sebuleni kwa shangazi, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho hakikuwa yeye. Lilikuwa tangi la kioo. Bado lipo, palepale mkabala na mlango, juu ya meza yake ya chuma. Ndani mna maharage. Amelijaza hadi nusu na kulifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama anavyofunika redio, makochi na chupa ya chai. Nilisimama nikalitazama, rafiki yangu, nikagundua kwamba hasira niliyodhani imekufa ilikuwa hai na yenye afya njema.

Acha nikueleze kwa mpangilio, maana habari hii imesimuliwa ovyo kwa miaka mingi, na msimuliaji hakuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba aliponileta Kibeta kutoka Ngenge. Ngenge iko Muleba, lakini si Muleba ile ya migomba na ukungu wa asubuhi unayoifikiria. Ni tambarare, jua linawaka tangu asubuhi, na kiangazi kikikolea mbwa hulala kivulini hata mgeni akipita. Shule ilikuwa mbali sana kwa miguu, na wasichana walionizidi umri walikuwa wameanza kuacha mmoja mmoja. Baba aliona nikikaa mjini Bukoba kwa dada yake nitasoma mpaka nimalize. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Nilipiga magoti kumsalimu, naye akaitazama miguu yangu yenye vumbi kabla ya kuutazama uso.

"Huyu ndiye wa Ngenge?" alimuuliza baba, kama vile angeweza kuwa ameleta mwingine. Kisha akanishika bega, akanigeuza nilione tangi. "Hawa ni samaki wa marehemu. Kazi yako ni hawa. Wakifa, unarudi kwenu siku hiyohiyo."

Walikuwa saba. Marehemu mume wake alifanya kazi ya kupima samaki visiwani, na hao furu aliwatoa mwenyewe kwenye miamba ya Bumbire, akawasafirisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtu mzima, madume ya bluu yenye mikia myekundu, majike ya rangi ya majivu. Tangi alilitengeneza yeye, na yeye ndiye aliyeliweka pale ili mgeni akifungua mlango tu alione. Mahali penyewe palikuwa pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. Dirisha lilitazama machweo, juu yetu kulikuwa na bati tupu lisilo na dari, na ikifika saa nane mchana sebule ile ilikuwa kama ndani ya sufuria. Nilipomwomba shangazi tulisogeze hadi ukutani penye ubaridi, aliniuliza kama mimi ndiye niliyeolewa na marehemu.

Kwenye kioo kulikuwa na ukanda mwembamba wa kupimia joto, wenye tarakimu zilizong'aa kijani. Nyuzi ishirini na tano samaki walicheza. Ishirini na nane walitulia. Thelathini walipanda juu, wakawa wanachapa midomo hewani, kwa sababu maji yakishapata moto hewa ndani yake hupungua. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ilinyamaza, na ukimya huo nilijifunza kuuogopa. Hata leo mashine yoyote ikizimika ghafla, mwili wangu hutaka kukimbilia ndoo.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Alfajiri niliteremka kwenye chemchemi iliyo chini ya migomba, nikachota maji yaliyouma vidole kwa baridi, nikapanda nayo kichwani. Nikirudi shuleni nilifungua mfuniko, nikazima taa, nikavuta pazia, kisha nikatoa jagi moja la maji ya moto na kutia jagi moja la maji ya chemchemi. Jagi moja, halafu nasubiri. Samaki hapendi kushtuliwa. Hilo hakuna aliyenifundisha, niliwaona tu wakikunja mapezi nilipofanya haraka.

Usiku nililala kwenye chumba cha kuivishia ndizi. Mikungu ilikuwa imefukiwa kwa majani makavu upande mmoja, mkeka wangu ulikuwa upande wa pili, na inzi wadogo wa ndizi walitembea usoni mwangu mpaka nikawazoea. Jirani yetu, mama mnene aliyeuza sokoni samaki waliotoka Bumbire, alilisema hilo kwa sauti kutoka upande wake wa ua.

"Mawe! Mama wee, samaki wanakaa sebuleni, mtoto analala na ndizi! Na samaki wenyewe hata sufuria hawajazi!"

"Wewe uza wako waliooza," shangazi alimjibu bila kuinua kichwa.

Usifikiri walikuwa wanataniana. Walichukiana kwa bidii, na ua ule ulipandwa miiba mipya kila mvua za kwanza.

Kiangazi cha mwaka wangu wa kwanza kilikuwa kikali. Majani ya migomba yalipasuka, vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye unga, na jagi langu halikutosha tena. Nikamkumbuka bibi yangu wa Ngenge. Mtungi wake wa maji ulikaa mlangoni upepo unapopita, umefungwa gunia ambalo halikuachwa likauke, na maji yake yalikuwa ya baridi hata saa za jua la utosi. Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa ametueleza sababu: maji yakiondoka, huondoka na joto. Alituambia tulambe mkono tupulize. Darasa zima lililamba mkono likapuliza, na mimi nikaliona gunia la bibi.

Nikachukua gunia la katani la kahawa kutoka stoo, nikalifua, nikalilowesha, nikalizungushia tangi pande tatu, nikaacha wazi upande wa mlango. Ncha zake nilizitumbukiza kwenye karai la maji ili gunia linyonye lenyewe. Nikafungua dirisha na mlango wa nyuma upepo upite. Kufikia saa tisa ukanda ulisoma ishirini na sita, na nje kuku walikuwa wamekaa wameachama midomo.

Nilidhani shangazi angefurahi.

"Nini hiki kinachonuka sebuleni kwangu?"

"Ni gunia, shangazi. Linapoza."

"Hapa siyo Ngenge. Huku hatuvishi nyumba magunia."

Lakini aliutazama ukanda. Nilimwona akiutazama. Hakuliondoa siku hiyo wala kesho yake, na kwa wiki tatu gunia lilikaa, nami nikalilowesha, naye akapita kando yake ameziba pua kwa kanga ili nijue.

Kisha ikafika Jumamosi ya kumwombea marehemu. Wanawake walikuja asubuhi kumenya ndizi, zikapikwa kwenye masufuria makubwa nyuma ya nyumba, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na mvuke wake mtamu ukaingia ndani pamoja na joto la kuni. Watu walijaa sebuleni hadi kwenye vizingiti. Kabla hawajaingia, shangazi aliling'oa gunia akalitupa uani. Nilikuwa nimebeba karai la vyombo, nikamwona pia akimwita jirani penye miiba, na jirani, kwa mara ya kwanza nikiwa pale, akampa kitu bila tusi. Lilikuwa bonge la barafu kutoka kwenye kasha lake la samaki, kubwa kama kichwa cha mtoto. Shangazi alilibeba ndani ya kitambaa, akalitumbukiza kwenye tangi, akafunga mfuniko, akatandika kitambaa cha kufuma juu, na juu ya kitambaa akapanga chupa mbili za chai.

"Shangazi, watashtuka," nilisema.

"Nenda kaoshe vikombe."

Nilikwenda. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nimekwisha kulikiri: nilikwenda kuosha vikombe.

Niliporudi sala ilikuwa imefika katikati. Katekista, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekaa karibu na tangi. Nilipochungulia, ukanda ulikuwa umeshuka hadi kumi na tisa. Furu mmoja alikuwa amelala ubavu. Wa pili alizunguka kama jani kwenye maji ya mfereji. Sala ilipokwisha, na kahawa ya kutafuna ilipoanza kupita mkono kwa mkono, katekista aliinama akatazama.

"Hawa nao wamelala?" aliuliza. "Sala yangu ilikuwa ndefu kiasi hicho?"

Watu wakacheka. Kisha wakaona, wakaacha kucheka. Watatu walikuwa wamekufa, na kipande cha barafu kilichobaki kilikuwa bado kinaelea kati yao. Shangazi alisimama. Alinitazama mimi, na katika macho yake niliona ameamua kabla hajafungua kinywa.

"Ni huyu mtoto. Ametia barafu. Hawa wa Ngenge wamekulia juani, hawajui kitu. Samaki wa marehemu, siku ya marehemu!"

Unajua malezi yetu. Msichana hamkatizi shangazi yake, sembuse mbele ya wageni, sembuse siku kama ile. Nikapiga magoti vizuri, kama nilivyofundishwa, nikaunganisha viganja, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Shangazi, barafu umetia wewe."

Hakuna aliyemeza kahawa. Nilimtazama jirani, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na sahani ya ndizi mapajani. Barafu ilikuwa yake. Aliinua tonge, akalitafuna polepole, akatazama nje. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa aibu au kwa kustarehe.

Shangazi aliingia chumba cha ndizi, akatoka na mfuko wangu, akauweka kizingitini. "Basi la Muleba litakukuta barabarani," alisema. Viatu vyangu aliviweka juu ya mfuko. Nilivitazama, nikawaona wale wasichana wa Ngenge walioacha shule mmoja mmoja, nikajihesabu nami humo.

Lakini nilikuwa bado sijamaliza kazi. Wageni walipokuwa wanaaga, nilikwenda uani nikaliokota gunia. Nikaondoa chupa za chai, kitambaa na mfuniko. Nikakitoa kipande cha barafu kwa mkono, nikawatoa wafu watatu, nikawasha pampu iliyokuwa imezimwa kwa ajili ya sala. Maji yalikuwa ya baridi mno, kwa hiyo safari hii niliyapandisha, jagi kwa jagi, kwa maji yaliyokaa juani uani. Jua la machweo lilipoanza kuchoma kioo na maji kuelekea kupata moto tena, nililowesha gunia nikalifunga. Sikuomba ruhusa. Nilifanya kwa chuki, nikitaka waishi ili aishi nao akijua. Hadi jua linazama wanne walikuwa wamesimama karibu na kokoto, wanahema sawasawa, na ukanda ulisoma ishirini na tano.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi muda wote huo. Aliinuka, akachukua mfuko wangu kizingitini, akaurudisha chumba cha ndizi. Alipopita nyuma yangu alisema, "Maji ya karai yamepungua." Hivyo ndivyo nilivyoombwa radhi.

Nilikaa pale mpaka nikamaliza sekondari. Samaki wale wanne walizeeka wakafa mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku zake, na hakuna aliyerudishwa Ngenge kwa ajili yao. Gunia lilikaa sebuleni kila kiangazi. Na kila mgeni aliyekuja, shangazi alimwonyesha tangi na kumwambia: "Walikuwa saba. Huyu aliniulia watatu." Alisema hivyo nikiwa na miaka kumi na tatu nabeba chai, na akasema hivyo kwa wakwe zangu siku walipokuja kujitambulisha.

Siku hizi chemchemi ya Kibeta imejengewa saruji na bomba, na maji yake hayaumi vidole. Furu wa namna ile siwaoni tena sokoni, na nikiwauliza wavuvi wa Bumbire wananiuliza walifananaje. Jirani alifariki na miiba yake ikang'olewa. Sebule sasa ina dari ya mbao. Ukanda wa joto bado umebandikwa kwenye kioo, lakini umepauka, hausomi kitu. Mambo yote yaliyonitesa katika nyumba ile yamekwisha, isipokuwa lile moja.

Maana mwezi uliopita, binti yangu alipogusa kioo na kuuliza kwa nini maharage yanakaa kwenye nyumba ya samaki, shangazi alijivuta kwenye kochi lake. Ni mzee sana sasa, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Walikuwa saba," alimwambia. "Mama yako aliniulia watatu."

Binti yangu akanigeukia. "Kweli, mama?"

Nilipiga magoti. Magoti yangu nayo si yale ya zamani. "Shangazi," nikasema, "barafu ulitia wewe."

Aliyatazama maharage. Nilisikia bati likilia kwa joto juu ya dari, sauti ileile.

"Lilikuwa bonge kubwa mno," alisema mwishowe.

Nilikuwa naanza kutafuta neno jema la kumwambia, la kwanza kwake maishani mwangu, naye akaliona likija, akaziba pua kwa kanga.

"Lakini lile gunia lako," akasema, "lilikuwa linanuka."