Siku Tuliyomcheka Kirimi

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Kibirichia, msimu wa kuvuna viazi, nilipomcheka mtu aliyekuwa ameniomba msaada.

Shule niliiacha darasa la sita. Nikatoka kwetu Manyatta kwa sababu tu nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Nilichunga ng'ombe Ruiri, kisha nikawa mpakiaji wa magunia ya viazi kwenye malori. Kazi hiyo gunia hukaa mgongoni, na shati mtu huvua. Siku hiyo mwenzetu Kirimi, mwenye nguvu kutushinda sote, alikataa kuvua lake. Gunia lilipomgusa akapiga magoti. Mimi na udadisi wangu nikalivuta shati. Mgongo wote ulikuwa malengelenge.

Akaniambia polepole kwamba mkewe alimmwagia uji moto.

Sasa, huku kwetu mwanamume aliyetahiriwa hakai jikoni. Nikauliza kwa sauti, wote wasikie, "Jikoni ulifuata nini, Kirimi? Ilikuwa zamu yako ya kukoroga?" Wapakiaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Kirimi naye akacheka kidogo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Jioni akarudi kwake. Wiki iliyofuata tukasikia yuko hospitalini. Mkewe alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe, na jicho la kushoto halikupona.

Mzee M'Rukunga, mwenye shamba, aliniita kando. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama nina dada. Nikasema ninaye.

"Angekuja hapa na mgongo kama ule, ungemuuliza jikoni alifuata nini?"

Akaendelea:

"Hakumwambia mchungaji wa kanisa lake. Hakumwambia ndugu yake. Alikuambia wewe, kijana, na wewe ukamfunga mdomo."

Nilikwenda hospitalini kumwomba Kirimi msamaha. Aligeukia ukuta. Kisha akaniuliza kama viazi vimekwisha shambani. Nikakaa naye, nikawa narudi kila siku, na aliporuhusiwa nikampeleka kwa kaka yake. Kaka yake aliposikia ni mke aliyemuumiza akaanza kutabasamu, nikamwambia, "Msikilize kwanza." Akamsikiliza, akampa chumba.

Mwanangu, mwanamume anayeumizwa nyumbani si lazima aje akilia. Atasema ameanguka. Atatafuta kazi ya ziada ili achelewe kurudi. Mkimtania atacheka nanyi. Ukiona hivyo, muulize mkiwa wawili tu, na akikuambia, mwamini. Usimtume arudi akalipize kwa ngumi ili aonekane mwanamume. Mtafutie mahali pa kulala, mpeleke kwa daktari, fuatana naye hadi kwa chifu, na usiondoke anapoeleza, maana hapo ndipo watu huanza kucheka.

Mungu akujalie nyumba ambayo hakuna anayeogopa kuingia, na akupe ulimi ambao mwenye maumivu hatajuta kuusikia.