Bahasha za Apolonia

Apolonia Laurenti si mtu wa kusamehe, na hajawahi kujifanya kuwa hivyo. Namfahamu kwa miaka sita sasa, tangu tulipopewa siku moja vitambulisho vya kuongoza watalii Kilwa Kisiwani, na sijamsikia hata mara moja akisema basi, tuyaache. Nitaeleza alichofanyiwa, kisha nieleze alichofanya, na kila mtu aamue mwenyewe.

Kwao ni Rutamba. Baba yake, Mzee Laurenti, alikuwa mkulima wa korosho na katekista wa kigango, mtu aliyesimama mbele ya watu kila Jumapili ambayo padre hakufika. Apolonia alisomea kazi ya hoteli, akapata ajira ya kutandika vyumba katika nyumba ya wageni pale Lindi mjini. Hapo ndipo Augustine alipomkuta. Augustine alikuwa kijana wa Milola, si mbali na Rutamba. Walijuana tangu makongamano ya kwaya za vijana. Yeye tayari alikuwa baharini, msimamizi wa vyumba kwenye meli ya kitalii inayozunguka pwani hii na visiwa vyake. Alizichukua karatasi za Apolonia, akazipeleka mwenyewe ofisini, na baada ya miezi minne Apolonia akaitwa. Mzee Laurenti alimtumia Augustine debe la korosho kwa shukrani.

Ni lazima nieleze habari ya tipu, maana bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Kwenye meli zile mshahara ni mdogo. Kinachomlisha mhudumu ni bahshishi, ambayo wenyewe wanaiita tipu, na tipu ina adabu zake. Mhudumu haombi, hata kwa jicho. Haokoti pesa iliyoachwa tu mezani. Anachukua ile iliyowekwa kwenye bahasha yenye jina lake. Hafungui bahasha mbele ya mgeni. Anashukuru kwa sauti ileile, bahasha iwe nene au nyembamba. Safari inapokaribia kuisha, kila mgeni hukuta kitandani karatasi ya maelekezo na bahasha tupu. Akitaka, anampa mhudumu mkononi. Asipotaka, anaitumbukiza kwenye sanduku la mapokezi.

Augustine alimwongezea Apolonia sheria moja zaidi, wiki ya kwanza.

"Dada yangu, wewe mgeni humu. Usipokee mkononi. Mtu akikupa, mwambie aweke sandukuni. Sisi Waafrika wanatuangalia sana."

Apolonia alitii. Miaka miwili alikuwa akirudisha mikono ya watu kwa tabasamu, akiwaelekeza sandukuni. Mfilipino aliyelala kitanda cha juu yake alimshangaa, akamwuliza kama dini yake inamkataza. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa Augustine. Kila mwisho wa safari alimletea Apolonia bahasha moja ya kaki isiyo na jina wala neno, na ndani yake kitu kidogo. Alimwambia, "Wageni wa safari hii wabahili." Kila safari wageni walikuwa wabahili.

Katika mwaka wa kwanza alipanda bibi mmoja Mjerumani, mjane, akaugua bahari siku tatu mfululizo. Apolonia alimlisha uji wa mchele kwa kijiko, akamwosha, akakaa naye kando ya kitanda mpaka alipoweza kusimama. Bibi alishuka akilia. Msimu uliofuata akarudi, na alipomwona tu Apolonia kwenye ujia akamshika mikono.

"Uliipata barua yangu, ile niliyokutilia kwenye bahasha sandukuni? Nilikuwekea na picha yangu na marehemu mume wangu, ile tuliyopiga siku ya harusi. Nilitaka uwe nayo."

Apolonia alisema ndiyo, ameipata, ahsante sana. Aliniambia kwamba huo ndio uongo pekee anaoukumbuka kutoka siku zake zote za melini, na kwamba aliusema ili yule mwanamke mzee asijue kuwa picha ya harusi yake ilitupwa baharini au kwenye pipa la taka.

Alimfuata Augustine kwenye stoo ya mashuka.

"Kaka Augustine, barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya bibi wa chumba cha kumi na mbili. Pesa sikuulizi. Nakuuliza barua."

"Apolonia, nani alikuleta humu?"

"Sikukuuliza nani alinileta."

Augustine alikunja shuka lililokuwa mkononi mwake, akaliweka juu ya mengine, akatoka. Alingoja mpaka bibi yule ashuke, akapeleka taarifa ofisini kwamba mhudumu Apolonia huwaomba wageni tipu kwa kuwalilia shida za nyumbani. Kwenye meli, kosa hilo halina mjadala. Walimshusha Mombasa na barua ya kufukuzwa. Sababu iliandikwa kwa herufi nzito: kuomba fedha kwa wageni.

Hilo lingetosha. Lakini Augustine alikuja likizo, na kule Milola wakimwuliza habari za binti wa katekista, akawaambia kwamba amefukuzwa kwa kuombaomba Wazungu, amewaaibisha watu wa Lindi. Kutoka Milola neno lilifika Rutamba kabla ya kahawa ya jioni kupoa. Mzee Laurenti hakumwuliza binti yake kitu. Aliacha tu kusimama mbele. Jumapili alikaa benchi la nyuma, na mwenzake akasoma badala yake. Masika yaliyofuata akafariki kwa presha. Apolonia alirusha udongo wake kaburini, na pale pale, akiwa ameinama, alimpangia Augustine siku yake. Hivi ndivyo alivyoniambia, bila kupepesa macho.

Alihamia Kilwa Masoko, akapata kitambulisho, akaanza kuongoza watalii kwenye magofu. Hakuenda kwa mganga kama wengine walivyomshauri. Hakumtukana Augustine kwenye simu. Alingoja meli. Miaka minne haikuja. Mwaka wa tano tukapewa ratiba na mwenyekiti wetu, Yassin: meli itatia nanga mara tatu msimu huu, wageni themanini kila mara.

Mara ya kwanza Augustine alishuka akiwa na suti nyeupe na miwani ya jua. Alikuwa amepanda cheo, sasa ni kiongozi wa safari za nchi kavu, lakini ufunguo wa sanduku alikuwa bado nao. Alimwona Apolonia, akasita, kisha akacheka.

"Apolonia! Kumbe uko huku. Mambo ya Mungu."

"Karibu Kilwa, kaka," alisema Apolonia, na kumpa mkono. Mimi nilikuwa pembeni, na sikuona chochote usoni mwake.

Jioni, kabla ya wageni kurudi melini, Augustine alisimama gatini Masoko na begi jeusi, akawaambia wageni kwamba hapa Kilwa si adabu kumpa mwongozaji mkononi, tipu zote zitiwe begini, zitagawiwa kwa haki. Wageni wakatia. Sisi tulipewa noti chache za kugawana. Yassin alinung'unika, lakini aliogopa meli isirudi.

Mwanaima, mama anayekaanga samaki pale karibu na gati, ndiye aliyeona yaliyobaki. Alimwita Apolonia. "Mwanangu, yule wa suti nyeupe ana mdogo wake anamngoja nyuma ya kibanda changu. Amempa bahasha tele kutoka kwenye begi, kijana kazitia kwenye mfuko wa unga, kaondoka na bodaboda. Zilikuwa zimeandikwa majina. Ya kike."

Apolonia alikaa chini kwenye ndoo ya Mwanaima iliyopinduliwa. Alielewa mara moja. Meli ikitoka Kilwa inakwenda kumalizia Zanzibar kesho yake. Kwa hiyo asubuhi ya Kilwa ndiyo wageni hutumbukiza bahasha za wahudumu sandukuni. Augustine hulala chumba kimoja na wenzake watatu, hana pa kuzifungulia. Huzileta nchi kavu zikiwa zimefungwa.

Mara ya pili meli ilipokuja, Apolonia hakufanya kitu. Alihakikisha tu kwamba Mwanaima hakukosea.

Kabla ya mara ya tatu alikwenda duka la steshenari pale Masoko, akachapisha kadi mia moja kwa pesa yake mwenyewe, kwa Kiingereza na Kijerumani. Alituonyesha asubuhi ile. Juu iliandikwa: Adabu ya Bahshishi Kilwa. Chini yake mistari minne. Bahshishi si lazima. Ukipenda kutoa, mpe aliyekuhudumia, mkononi, kwa mkono wa kulia. Ukimwandikia mtu bahasha, mwulize mwenyewe kama ameipata. Na wa mwisho: fedha zilizokusanywa pamoja hufunguliwa na kugawiwa hapohapo gatini, mbele ya waliotoa, tafadhali baki ushuhudie.

"Desturi hii imeanza lini?" Yassin aliuliza.

"Leo," alisema Apolonia.

Tuliwagawia kadi kule Kisiwani, kwenye kivuli cha ukuta wa Msikiti Mkuu, Augustine akiwa bado kwenye boti anapanga makoti ya kujiokolea. Wazee wa Kizungu wanapenda maelekezo kuliko maji ya kunywa. Walizisoma, wakazikunja, wakazitia mfukoni kama hati ya kusafiria.

Jioni gatini Augustine alifungua begi na kuanza hotuba yake. Hakuna aliyesogea. Babu mmoja mrefu, aliyekuwa jaji huko kwao, alinyanyua kadi yake.

"Bwana, hapa inasema begi hufunguliwa mbele yetu."

"Hiyo si rasmi, bwana. Ni mambo ya watu wa hapa."

"Ndiyo. Tuko hapa," alisema babu.

Wengine wakaanza kusogea karibu. Pamoja nao alikuwa mama wa Kinorwe, meneja mkuu wa wahudumu wote wa meli, ambaye Apolonia alikuwa amempitisha mwenyewe kwenye magofu ya Husuni Kubwa mchana kutwa, akimjibu kila swali, na kumrudisha gatini dakika ileile begi lilipofunguliwa. Mama yule alisema, bila wasiwasi wowote, "Fungua tu, Augustine. Ni desturi nzuri."

Augustine alilikumbatia begi. Hapo ndipo uso wa meneja ulipobadilika. Alinyoosha mkono, akalichukua, akalifungua juu ya meza ya Mwanaima iliyokuwa na harufu ya samaki.

Bahasha zilijaa meza. Zilikuwa za meli, zenye nembo, na kila moja ilikuwa na jina. Kisha mwanamke mmoja akaichukua ya juu.

"Huu ni mwandiko wangu. Nimeitia sandukuni leo asubuhi. Ni ya binti wa chumba changu."

Mwingine akaiona yake. Na mwingine. Meneja alianza kusoma majina ya wahudumu mmojammoja kwa sauti, na kila jina lilipotajwa Augustine alipungua kimo, naapa. Nyuma ya kibanda tulisikia bodaboda ikiwashwa na kuondoka.

Augustine alimgeukia Apolonia, akamsemesha kwa Kimwera, haraka na kwa chini. Mimi ni Mmatumbi, lakini nilielewa vya kutosha. Alimwomba aseme kwamba bahasha zile alikuwa anamletea yeye Apolonia amtunzie. Alimwita dada. Alimkumbusha korosho za baba yake.

Apolonia alimjibu kwa Kiingereza, ili meneja asikie. "Ananiomba niseme uongo kwa ajili yake. Mama, miaka sita iliyopita mtu huyu aliandika kwamba mimi naomba pesa kwa wageni. Jina langu ni Apolonia Laurenti. Tafuta faili langu."

Augustine alirudishwa melini akiwa katikati ya watu wawili, na Zanzibar akashushwa. Baada ya miezi miwili kampuni ilimwandikia Apolonia barua ya kufuta ile ya kwanza, pamoja na kumkaribisha kazini. Kazi aliikataa. Barua aliipeleka Rutamba, na Jumapili, baada ya matangazo, katekista mpya akaisoma mbele ya kigango kizima, kwanza kwa Kiswahili, kisha Apolonia akaisoma kwa Kiingereza neno kwa neno, polepole, ingawa hakuna aliyeelewa.

Watu walidhani ameridhika. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Milola, kwa baba yake Augustine, Mzee Dominick, ambaye mwanawe alikuwa amemdanganya kwamba yuko likizo ndefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa marehemu Laurenti wa Rutamba."

Mzee alimletea kiti. Apolonia alikaa, akamweleza kila kitu, sanduku, bahasha, begi, majina. Hakupunguza wala hakuongeza. Augustine alikuwa ndani, na hakutoka. Mzee alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Sasa mimi umenijia kwa kosa gani?" aliuliza mwishoni.

"Hukufanya kosa, baba. Hata baba yangu hakufanya. Naye aliletewa habari nyumbani kwake."

Alisimama, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Aliponisimulia hayo nilimwuliza kama hakumhurumia mzee wa watu. Alisema alimhurumia sana, njia nzima mpaka Lindi. Nikamwuliza kama, angeweza kurudisha siku nyuma, asingekwenda. Alisema angekwenda mapema zaidi.

Augustine sasa analima kwao. Msimu wa korosho huonana mnadani, kwa kuwa Apolonia humsaidia mama yake kupeleka magunia. Kila mara Augustine huvua kofia na kumsalimu mbele za watu. Huku kwetu salamu haikataliwi, hata ya adui. Apolonia humtazama usoni mpaka amalize, kisha anageukia mizani na kuuliza kilo ngapi.